Lakiri Kamili

Hakuna swali juu ya Mfalme ambalo Ambokile hakuweza kulijibu. Hivyo ndivyo alivyowatangazia walinzi wa lango la nchi ya Lakiri, vumbi la safari likiwa bado nyusini, na hivyo ndivyo alivyokuwa akitangaza nyumbani kwao tangu kidato cha pili. Wala hayakuwa maneno matupu, kijana alikuwa na vikombe. Vitatu, mfululizo, vya mashindano ya maswali ya Biblia ya dayosisi nzima. Urefu wa safina kwa dhiraa, umri wa Methusela, ukoo wa Esau mpaka wale vitukuu ambao Esau mwenyewe angehitaji kikaratasi kuwakumbuka: vyote vilikuwa kichwani mwake, vimepangwa kama vyombo kwenye kabati la bibi harusi. Na kama vyombo vile, havikuwahi kutumika kulia chakula.

Alifikaje huko? Tusipoteze muda. Njia za kwenda nchi kama hizo ni nyingi, hazina vibao, na wengi wetu tumeshapita mojawapo bila kujijua.

"Huyu Mfalme wenu," aliwaambia walinzi, "mimi namjua nje ndani. Kwetu barua zake tunazifungua kabla ya chai."

Mlinzi mmoja aliacha kutafuna muwa. "Mnazifungua?"

"Kabla ya chai," akarudia Ambokile, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na umaarufu.

Walinzi wakatazamana, wakamsimamia wima kwa heshima, wakampeleka mjini wakimbebea begi. Naye akadhani ni ukarimu tu.

Sasa, nchi ya Lakiri ni nchi ya watu wastaarabu na wasafi. Kila Jumamosi asubuhi hupita Tarishi wa Mfalme, mtu mrefu asiye na maneno mengi, akaacha barua kwenye kila mlango. Si barua moja kwa nyumba, ni moja kwa kila mtu, hata mtoto aliyezaliwa Ijumaa. Bahasha ni ya karatasi nzito. Nyuma imefungwa kwa lakiri nyekundu, ile nta ya mihuri iliyoipa nchi jina lake, na mbele limeandikwa jina la mwenyewe kwa mkono. Haijawahi kutokea mtu akarukwa. Wala haijawahi kutokea, kwa kumbukumbu za walio hai, mtu akafungua.

Sheria ya kwanza ya nchi inasema: Asifungue mtu barua ya Mfalme kabla hajahitimu. Kuhitimu ni kufaulu mitihani kumi na minne juu ya bahasha. Mtihani wa kumi na nne sharti utungwe na mtu aliyeufaulu, na kwa kuwa mtu huyo hajapatikana, haujatungwa. Ambokile alipouliza kama jambo hilo halileti ugumu wowote, alijibiwa kwamba tume imeundwa.

Na tusiwaonee. Sheria ilikuwa na sababu. Zamani, wasema wenyewe, alikuwepo bwana mmoja aliyefungua barua yake uani, akatoka nje akisema Mfalme amemwagiza achukue shamba la jirani pamoja na mke wa jirani. Nchi nzima ikaingia vurugu. Wazee wa wakati huo, badala ya kumnyang'anya yule bwana barua na kuisoma wajue imesema nini hasa, waliona ni nafuu kufunga barua za watu wote. Mwongo mmoja akawaziba masikio wote.

Basi watu husoma. Wanasoma, jamani! Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukutajia uzito wa bahasha kwa kuitupa juu na kuidaka. Chuo cha Bahasha kina Idara ya Karatasi, Idara ya Wino na Idara ya Lakiri, na wahitimu wake hutembea wamevaa majoho meusi hata wanapokwenda kununua nyanya. Siku za Jumapili hubeba barua zao mpaka ukumbini, huzipima kwenye mizani ya shaba, matokeo husomwa kwa sauti, wimbo huimbwa, watu hurudi nyumbani. Wimbo wenyewe ni mzuri sana.

Wana madhehebu mawili. Wazito hushikilia kwamba bahasha ikiwa nzito Mfalme amekasirika. Wepesi hushikilia kwamba ikiwa nzito Mfalme amependa. Ndugu wa tumbo moja wameacha kuzikana kwa sababu hiyo, wakati kisu cha jikoni kingemaliza ubishi kwa nukta tatu. Na mtu akifa, barua zake zote hupangwa kifuani mwake ndani ya jeneza, na juu ya kaburi, kama aliishi vizuri, huandikwa maneno mawili ambayo kila mzazi huyaombea mwanawe: LAKIRI KAMILI.

Ambokile alipita makaburini siku ya kwanza akayasoma maneno hayo jiwe baada ya jiwe. Akacheka. "Watu hawa!" akasema. Alicheka sana, mpaka akagundua kwamba anacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mkuu wa Chuo, ambaye siku za Jumatano ndiye pia hakimu, aliitwa Dakta Pambanua. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kufumba jicho moja anapowaza, kwa mazoea ya kupima unene wa karatasi. Alimkalisha Ambokile mbele ya wasomi arobaini wakammiminia maswali. Kijana akawa kama yuko kwao. Swali halijafika chini, jibu limeshapanda. Walipofunga vitabu vyao, Dakta Pambanua alisimama.

"Mgeni wetu," alisema, "tumeambiwa langoni kwamba kwenu mnafungua."

"Naam, Mheshimiwa."

"Na bado mna akili timamu."

"Kama unavyoniona."

Hapo ndipo Chuo kilipofanya jambo ambalo hakijawahi kulifanya. Kilimvika joho, na kumpa Cheti cha Ufunguzi cha heshima. Katika nchi nzima ya Lakiri, yenye watu laki na ushee, Ambokile peke yake ndiye sasa aliyeruhusiwa na sheria kubandua nta ya barua ya Mfalme. Watu walipiga makofi. Mama mmoja alilia. Ambokile aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi tangu kombe la kwanza.

Walimpangia chumba kwa Bi Tunu, dobi wa Chuo. Huyu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono minene na kope zilizounguzwa na joto. Ndiye aliyepiga pasi majoho yote ya wasomi, kwa pasi ya mkaa, kwenye meza ndefu jikoni kwake. Shule aliishia darasa la nne. Mtihani wa bahasha alikuwa amejaribu mmoja tu, wa Karatasi, akafeli kwa sababu aliandika kwamba karatasi ya Mfalme inanukia vizuri, jambo ambalo halimo kwenye muhtasari.

Jumamosi ikafika. Tarishi akasimama mlangoni, akatoa barua mbili.

"Tunu," akaita. Kisha akaishika ya pili kama mtu anayeshika kitu cha kuvunjika. "Ambo, mtoto wa Bupe."

Kijana aliganda. Hakuna mtu katika nchi ile aliyejua kwamba mama yake anaitwa Bupe. Na jina la Ambo lilikuwa la nyumbani, la utotoni, la mtu mmoja tu, aliyelitumia alipokuwa akimpaka mafuta magotini kabla ya kwenda shule. Aliipokea barua. Mwandiko ulikuwa wa haraka, wa mtu asiyeandika kwa kujionyesha.

Aliingia chumbani, akafunga mlango. Ana haki. Ana cheti. Akapitisha kidole gumba chini ya lakiri.

Hapo akakumbuka kombe la tatu.

Kombe la kwanza na la pili yalikuwa halali yake. La tatu, siku moja kabla ya fainali, alitumwa ofisini kwa mchungaji kuchukua kiti, na karatasi ya maswali ilikuwa juu ya meza, uso juu. Hakuigusa. Alisimama tu, na kiti mkononi, kwa muda wa kutosha kusoma maswali ishirini. Kesho yake alimshinda binti mmoja aitwaye Tumpe, aliyekuwa amekesha wiki tatu na kamusi ya Biblia ya kuazima, na Tumpe alimpa mkono kwa heshima, macho yamejaa machozi, akasema, "Kweli Mungu amekupa." Ambokile alijibu, "Amina."

Akatoa kidole gumba. "Nitaisoma nikitulia," alijiambia, akaitia barua kwenye mfuko wa kulia wa joho, pamoja na kitana na kipande cha penseli.

Jumatatu asubuhi Bi Tunu alikuwa akipiga pasi. Barua yake ya Jumamosi ilikuwa bado mezani, palepale alipoiweka jana aliporudi kuipima. Nje dirishani, Mzito na Mwepesi walikuwa wakitukanana kwa lugha ya kitaaluma. Bi Tunu akageuza shingo kuwasikiliza, akaiweka pasi pembeni bila kuangalia, na aliporudisha macho, ubavu wa pasi ulikuwa umeegemea bahasha. Lakiri ilikuwa imeyeyuka yote, imetiririka kama uji mwekundu, na bahasha imefunguka yenyewe, taratibu, kama mtu anayeamka.

Ambokile aliitwa kwa sauti ndogo. "Mwanangu. Njoo mara moja. Njoo, we una cheti."

Alimkuta amekaa juu ya gunia la mkaa, karatasi magotini, uso umelowa.

"Nimesoma mwenyewe," alisema. "Kwa kuungaunga. Lakini neno la mwisho limefunikwa na nta. Nisomee hilo tu."

Ambokile akaichukua. Ilikuwa mistari mitatu, kwa mwandiko uleule wa haraka. *Tunu, joho la Pambanua uliliunguza wewe, na Heri akafukuzwa. Nilikuwepo, na Jumamosi iliyofuata nilikuandikia kama kawaida. Nenda kwa dada yako, uka...* Hapo nta.

"Heri ni nani?" aliuliza Ambokile.

"Dada yangu. Tulikuwa tunapiga pasi wote hapa. Miaka tisa iliyopita niliunguza joho la Dakta, nikaapa ukumbini ni yeye. Wakamfukuza. Anauza mihogo ng'ambo ya soko." Akajifuta pua kwa kiganja. "Hakuna aliyejua, mwanangu. Hata yeye Heri hajui, anadhani labda kweli alisahau pasi. Miaka tisa napima barua zangu kila Jumapili, nasema, leo imepungua, leo imeongezeka. Kumbe alikuwa ananiambia."

Ambokile alikwangua nta kwa ukucha. "...ungame," alisoma. Na hapo, ajabu ya mazoea, alijikuta amenyoosha mgongo. "Ukaungame. Neno hili, mama, lina sehemu nne. Kwanza, kuungama ni kulitamka kosa kwa kinywa chako mwenyewe, bila kulifunika, mbele ya uliyemkosea. Pili..."

"Asante," alisema Bi Tunu. Alikuwa ameshavua aproni. "Basi ni hilo tu lililobaki."

"Lakini pili..."

"Elimu ni kitu kizuri, mwanangu. Ningebaki hapa siku nzima na neno moja." Akasimama mlangoni, akageuka. "Na yako? Imesemaje?"

Joto likampanda Ambokile masikioni. "Mambo makubwa, mama. Mazito."

"Ndiyo," alisema Bi Tunu kwa upole. "Hata yangu." Akaenda, akamwacha jikoni na pasi ya moto na sehemu tatu za ufafanuzi.

Jumanne jikoni palikuwa na sauti mpya. Heri alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mdomo usio na breki.

"Miaka tisa!" alikuwa akisema, huku akichochea mkaa. "Miaka tisa namenya mihogo kwa sababu ya joho la mtu mwenyewe mwembamba kama mwiko! Wewe Tunu, ungekuwa si wa tumbo moja na mimi ningekunyoosha kwa hii pasi."

"Ninyooshe," alisema Bi Tunu.

"Ninyooshe, ninyooshe, sasa unalia nini? Utalowesha nguo za watu. Sogea huko." Wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Heri akashika meza upande aliouacha miaka tisa iliyopita, akavuta joho la kwanza lililokuwa kwenye lundo. Lilikuwa la Ambokile. Jioni lilirudishwa chumbani kwake limenyooka vizuri, na kila kilichokuwa mfukoni kimerudishwa mahali pake: kitana, penseli, barua. Kijana hakujiuliza vitu vile vilikuwa wapi wakati joho lilipokuwa chini ya pasi.

Hilo lingeishia hapo, kama Bi Tunu angeishia kwa dada yake. Lakini yeye alikwenda pia Chuoni, akapiga magoti mbele ya Dakta Pambanua akamwambia, "Joho lile nililiunguza mimi."

Dakta akafumba jicho moja. "Nimekusamehe. Lakini nani kakuambia useme leo, baada ya miaka tisa?"

"Mfalme, Mheshimiwa."

"Kwa njia gani?"

"Kwa barua."

Na Jumatano akawa mshtakiwa.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Adhabu ya mwenye kufungua bila kuhitimu ilikuwa moja, na Dakta Pambanua aliisoma kwa sauti isiyo na furaha: barua zote za mkosaji zichukuliwe zitiwe kwenye jumba la makumbusho, na Tarishi aagizwe asisimame tena mlangoni kwake maisha yake yote. Bi Tunu, aliyekuwa ametulia tangu asubuhi, aliposikia hayo ya Tarishi alishika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili.

Wasomi walibishana mpaka jua likawa utosini. Mzito mmoja alisema nta iliyoyeyuka yenyewe si nta iliyovunjwa. Mwepesi mmoja akauliza kama pasi ni mtu. Mwingine akataka mkaa uitwe shahidi. Mwishowe Dakta Pambanua aligonga meza.

"Hoja ni moja," alisema. "Je, barua za Mfalme husema namna hii? Humwambia mtu wa darasa la nne jambo la siri la moyoni mwake? Kama husema, hatuna kesi, na huenda," hapa sauti ilimpungua kidogo, "huenda hatuna hata Chuo. Kama hazisemi, basi mama huyu ametunga, kama yule bwana wa zamani. Bahati njema yupo kati yetu mtu mmoja anayejua. Mgeni wetu, simama."

Ambokile akasimama. Kule kizimbani Bi Tunu alimwona, na uso wake ukafunguka. Akamgeukia dada yake aliyekaa mstari wa mbele, akamnong'oneza kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, "Usiogope. Huyu kijana ameiona."

Ilikuwa rahisi. Maneno mawili tu yangetosha: ndiyo, nimeiona. Lakini Ambokile alikuwa ameshayaona maswali kabla hayajaulizwa, kama ilivyokuwa tabia yake. Akisema barua hutaja makosa, watamuuliza: na yako ilitaja lipi? Akisema hajafungua yake, watamuuliza: sasa kule langoni ulisema nini? Macho ya watu mia tano yalikuwa juu ya joho lake. Kila mtu aliyeketi mle alikuwa amemsimamia wima siku moja au nyingine.

"Mheshimiwa Mjuzi," aliuliza Dakta Pambanua, "barua yako umeifungua?"

"Nimeifungua."

"Je, inamtajia mtu makosa yake kwa jina?"

"Haitaji," alisema Ambokile. Aliisikia sauti yake ikiwa nzuri, ya jukwaani. "Ni ya mafundisho ya jumla."

Wasomi wakahema kwa nafuu. Mafundisho ya jumla! Kalamu zikaanza kukwaruza.

"Na hii ya mama huyu, umewahi kuiona?"

Hakumwangalia Bi Tunu. Aliangalia mizani ya shaba, iliyong'aa.

"Sijaiona."

Bi Tunu hakupiga kelele, hakuapa, hakumnyooshea kidole. Aliinamisha kichwa polepole, kama mtu aliyemkuta mwanawe akifanya jambo la aibu na asitake mwana ajue kwamba ameonekana. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Ambokile alihisi masikio yake yakiwaka mpaka shingoni, na kola ya joho, iliyonyooshwa vizuri kiasi kile, ikaanza kumkata.

Dakta Pambanua akavuta karatasi ya hukumu, akachovya kalamu.

"Mheshimiwa," ikasema sauti ya mstari wa mbele, "subiri kwanza."

Heri alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Bibi, wewe ni shahidi wa nani?"

"Wa joho. Miaka tisa iliyopita nilisimama hapa hapa, mtu akatoa ushahidi wa uongo juu ya joho, nikafukuzwa. Mtu huyo ni dada yangu, yamekwisha, ameniomba radhi mpaka nimechoka. Lakini ladha yake naijua. Nimeisikia tena sasa hivi."

"Heri," alisema Bi Tunu kizimbani, "mwache kijana wa watu."

"Simwachi! Ungesema ukweli wewe siku ile, mimi nisingemenya mihogo." Akawa ameshaanza kutembea kuelekea mbele, kwa viatu vyake vya soko, bila haraka. "Mheshimiwa, sisi madobi tuna desturi moja. Kabla pasi haijagusa nguo, tunapekua mifuko. Maana watu wanaacha vitu: kalamu za wino, peremende, siri. Jana nimepiga pasi joho la huyu Mjuzi kwa mkono wangu. Mfuko wa kulia nilitoa vitu vitatu nikaviweka dirishani, mbali na moto, nikamaliza, nikavirudisha. Kimoja nilikiweka mbali zaidi. Niliogopa kisije kikayeyuka kama cha dada."

Ambokile alitaka kurudi nyuma, lakini nyuma palikuwa na kiti. Heri alimfikia. Alikuwa mfupi, kichwa chake kikaishia kifuani kwa kijana, na alinukia mkaa na wanga wa kunyooshea nguo. Akatia mkono kwenye mfuko wa kulia bila kuomba ruhusa, kama mama anayempekua mtoto.

Akatoa kitana, akakiweka mezani. Akatoa penseli, akaiweka mezani. Akatoa barua, akaiinua juu ili hata wa madirishani waone.

Lakiri ilikuwa nzima, nyekundu, haina hata ufa.

Kutoka nyuma mzee mmoja wa Idara ya Lakiri, kwa mazoea tu, maskini, akasema kwa heshima, "Lakiri kamili!" na watu wawili watatu wakaanza kupiga makofi. Yalikuwa makofi yaleyale ya kila kombe. Ambokile alitamani sakafu impokee.

Makofi yakafa yenyewe. Heri aliigeuza bahasha, akasoma mbele kwa shida, akifuata herufi kwa kidole kilichoungua. "Ambo. Mtoto wa Bupe." Akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu arudi jikoni kwa dada yake, sauti yake haikuwa ya mzaha. "Ndiyo wewe?"

Ambokile akaitikia kwa kichwa.

Dakta Pambanua alikuwa bado ameshika kalamu juu ya karatasi ya hukumu, haiandiki, tone la wino likivimba nchani. Hakuwa amefumba jicho lolote. Macho yote mawili yalikuwa wazi, yakimtazama kijana kwa kitu kilichofanana na njaa.

Heri akamwekea kijana barua kwenye viganja, akamfumba vidole juu yake.

"Haya, Mjuzi," alisema. "Tuambie. Inasema nini?"

Na Ambokile, bingwa mara tatu, alifungua kinywa mbele ya watu mia tano, akakuta hana jibu.